Usitoboe sailensa kwanza: jinsi ya kuijua sauti ya injini yako na kuitoa vizuri

Wengi wanaoleta magari kwetu hapa Unga Limited, Arusha, huanza na ombi moja: "Fundi, nataka iungurume." Nikiwauliza iungurume vipi, wananitajia gari walilolisikia likipita, Subaru ya zamani au Land Cruiser ya V8, halafu wananionyesha sailensa ya gari lao kana kwamba sauti ile imefungiwa mle na kazi yangu ni kuifungulia. Kazi yangu ni mabomba ya moshi. Nakata na kuchomelea kila siku, na sauti nzuri ya injini naipenda kuliko muziki wowote. Kwa hiyo nitakueleza kama ninavyowaeleza wao, kwa utaratibu ule ule: ujue injini yako inapiga mdundo gani, uhakikishe ni nzima, ndipo uguse bomba.

Sailensa haitengenezi sauti, inapunguza tu. Ukiitoboa unapata kile kile kilichokuwa kinatoka kwenye injini, safari hii kwa makelele. Sauti ambayo watu wanageuka kuitazama inatoka mbali zaidi, huko mbele kwenye mpangilio wa milipuko na kwenye urefu wa njia ambayo kila pigo la moshi linapita kabla ya kukutana na mapigo mengine.

Anza na hesabu, ni nyepesi

Injini za magari yetu karibu zote ni za stroki nne: silinda inavuta hewa, inabana, inalipuka, inatoa moshi. Safari hiyo nzima inachukua mizunguko miwili ya kranki, yaani ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo kila silinda inalipuka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, moshi wenye presha unachomoka na kupiga pigo moja ndani ya bomba. Chukua RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unayoiona kwenye dashibodi, gawanya kwa 60, kisha zidisha kwa nusu ya idadi ya silinda. Jibu ni mapigo kwa sekunde.

Silinda nne kwenye RPM 3,000 zinapiga mapigo 100 kwa sekunde. Silinda sita zinapiga 150, nane zinapiga 200. Passo yenye injini ya 1KR ina silinda tatu, inapiga 75. Ndiyo maana gari dogo la silinda tatu linatoa sauti nzito kuliko unavyotegemea kwa umbo lake.

Wapigaji wa magitaa na vinanda wanaijua noti ya kupimia vyombo vyao, yenye mitetemo 440 kwa sekunde. V8 ikifika RPM 6,600 inapiga hapo hapo, 440. V12 inafika hapo mapema, kwenye 4,400 tu. Silinda nne kwenye 6,600 zinatoa 220, noti ile ile lakini oktavu moja chini. Kwa hiyo mtu mwenye Corolla asikudanganye kwamba akikata sailensa atalia kama Ferrari. Silinda hazipo, mapigo hayapo.

Lakini hesabu hii inakupa wastani tu. Haikwambii kama mapigo yanafika kwa nafasi sawa au yanabanana na kuachana, na utamu mwingi umejificha hapo.

Piga mdundo kwa mikono

Kaa mezani, weka viganja viwili. Land Cruiser 100 yenye petroli ya lita 4.7, injini ya 2UZ, inalipuka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Namba witiri ziko upande wa kushoto wa injini, namba shufwa upande wa kulia. Sasa piga mezani pole pole, kwa nafasi sawa: kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia. Rudia bila kusimama.

Mikono yote miwili kwa pamoja inapiga sawasawa, haichelewi wala haiwahi. Lakini sikiliza mkono mmoja peke yake. Wa kushoto unapiga, unangoja sana, unapiga, unangoja kidogo, unapiga mara mbili mfululizo. Kila upande wa V8 hii una bomba lake, na ndani ya bomba hilo moshi unapita kwa mdundo huo huo wa ngoma: papo hapo mawili, halafu pengo. Ule mbwembwe wa "blub-blub" wa V8 za Marekani na za Toyota unatoka hapo. Unatokana na kranki yenye pini zilizopishana kwa nyuzi 90, muundo ambao Cadillac waliuingiza sokoni kuanzia mwaka 1923 ili kupunguza mtikisiko. Walitafuta utulivu, sauti ikaja kama nyongeza.

V8 za Ferrari zina kranki bapa, yenye pini zilizopishana kwa nyuzi 180, na zinalipuka kushoto, kulia, kushoto, kulia mpaka mwisho. Piga mezani uone: hakuna pengo. Sauti yake ni kali, nyembamba, inayopanda. Zote ni silinda nane, zote zina mapigo sawa kwa sekunde, lakini mtu aliyefumba macho hawezi kuzichanganya.

Zoezi hili ndilo ninalomfundisha kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu, kabla hajashika grainda. Akishaweza kupiga mdundo wa gari kwa mikono, ataelewa kwa nini bomba moja halikatwi popote.

Subaru, kwa kirefu

Hapa Arusha na ng'ambo ya Namanga, gari linaloulizwa kuliko yote ni Subaru ya turbo. Mapenzi haya yana historia. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, Richard Burns akarudia mwaka 2000, na hata kabla ya hapo, mwaka 1993, Mkenya Patrick Njiru alikifikisha mwisho kigari kidogo cha Vivio katika nafasi ya 12, kwenye njia zilizovunja magari makubwa. Watu wa ukanda huu waliziona gari hizi kwa macho yao, vumbi likiwa bado halijatua.

Injini ya EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, pistoni zikienda kulia na kushoto. Inalipuka 1-3-2-4. Silinda 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 ziko kushoto. Milipuko yenyewe iko kwa nafasi sawa kabisa, nyuzi 180 za kranki kila mmoja. Kwa hiyo watu wanaosema Subaru "inalipuka vibaya" wanakosea.

Tofauti iko kwenye bomba. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye injini, imekaa upande wa kulia, upande wa dereva kwa magari yetu. Moshi wa silinda za kulia uko karibu nayo. Moshi wa kushoto lazima upite chini ya injini, chini ya sampu, lile bakuli la oili, ndipo uifikie. Mapigo mawili ya kulia yanafika mapema, mawili ya kushoto yanafika yamechelewa. Kwenye RPM 3,000, pamoja na yale mapigo 100 kwa sekunde, kuchelewa huko kunazalisha sauti nyingine chini yake, hasa ya 25 na ya 75. Ile ya 25 sikio linaikamata kwa shida, lakini kifua kinaihisi. Huo ndio mngurumo.

Kijana mmoja aliniletea Impreza GC8 aliyoinunua kwa mtu. Alikuwa na huzuni ya kweli.

"Shikamoo fundi. Hii gari nadhani injini imekwisha. Hailii kama Subaru."

"Marahaba. Ipandishe kwenye shimo tuone."

Niliwasha, nikasikiliza. Injini ilikuwa nzima, mapigo yamenyooka, hakuna kumisi, yaani hakuna silinda inayoruka mlipuko wake. Nikazima, tukangoja ipoe, nikashuka na kamba ya katani. Nikaiweka kwenye mdomo wa silinda namba 1, nikaifuata kila kona ya bomba mpaka linapoungana, nikafunga fundo. Nikafanya vile vile namba 2, nikalinganisha mafundo. Yalitofautiana kwa upana wa kidole. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ametoa heda ya kiwandani, yaani manifodi inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, na kufunga ya stenlesi yenye mabomba ya urefu sawa, kazi safi sana, weldi zimenyooka. Kwa nguvu ya gari alikuwa amefanya jambo la maana, kwa sababu turbo hupenda moshi unaofika kwa mpangilio. Kwa sauti alikuwa ameua kitu pekee ambacho huyu kijana alikilipia.

Nilimpa chaguo bila kumshawishi. Akachagua sauti. Tukatafuta manifodi ya chuma ya zamani na bomba lake la kuvukia, geskiti mpya, boliti mpya. Alipowasha hakusema neno, aliweka mkono kwenye boneti na kuuacha pale.

Kwa hiyo kama unanunua Subaru kwa ajili ya mngurumo, chungulia chini kabla ya kutoa fedha. GC8 za miaka ya 1992 hadi 2000 na Forester SF5 za turbo ziko sawa zikiwa na heda zake za awali. Legacy za soko la Japani za kuanzia 2003, zile za umbo la BP5 na BL5, zilitoka kiwandani na heda za urefu sawa, na Impreza STI za Spec C vile vile. Ni gari nzuri mno, lakini usizilaumu kwa sauti. Chukua kamba, pima.

Sita zilizopanga mstari

Kama Subaru inapendwa kwa kuchelewa kwa mapigo, injini ya sita za mstari inapendwa kwa kinyume chake. Mark II Grande GX110 iliyoko mtaani kwako ina 1G-FE, lita 2, inalipuka 1-5-3-6-2-4. Gawanya injini hiyo katikati: 1, 2, 3 mbele, na 4, 5, 6 nyuma. Piga mezani: mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kila nusu inapata pigo kila baada ya nyuzi 240 bila kukosea. Pistoni zenyewe zinasawazishana kiasi kwamba injini haina haja ya shafti ya kutuliza mtikisiko. Sauti inayotoka ni laini, imejaa, inapanda bila kukatika kutoka chini mpaka juu. BMW wamejijengea jina kwa injini za namna hii, na ile S54 ya M3 ya E46 inazunguka mpaka karibu 8,000, ambapo inapiga mapigo 400 kwa sekunde.

Sisi wa Arusha tuna sita nyingine tuliyoizoea mpaka tumeacha kuisikia: 1HZ ya dizeli, lita 4.2, iliyo chini ya boneti za Land Cruiser nyingi zinazobeba wageni kwenda Serengeti na Ngorongoro. Mapigo yake yako sawa kwa sababu hizo hizo za sita za mstari. Lakini ina jambo la pili. Dizeli yake inachomwa kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni, ndipo moto unaingia kwenye silinda. Presha haipandi kwa ghafla kama kwenye dizeli zinazopulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo kule kugonga kukali kwa dizeli kunapungua. Simama pembeni ya 1HZ iliyotunzwa vizuri asubuhi, ikiwa imeshapata moto, halafu simama pembeni ya pikapu ya dizeli ya silinda nne. Utaijua tofauti bila mimi kukuambia.

Tano ni adimu na zina ladha yake. Milipuko inakuja kila baada ya nyuzi 144, kwa hiyo kranki inapomaliza mzunguko mmoja, hesabu haijakaa sawa, imebaki nusu. Sikio linaisikia nusu hiyo kama kitu kinachosukuma mbele. Audi waliifanya kuwa sauti yao tangu Quattro ya 1980, na Hannu Mikkola aliishinda Safari ya 1987 akiwa na Audi 200 Quattro ya silinda tano. Mabasi ya Scania ya F310 nayo yana silinda tano, lita 9. Safari ijayo ya mkoani kaa karibu na dereva, sikiliza anapopandisha gia mlimani.

Juu ya zote naiweka Lexus LFA. V10 ya lita 4.8, pembe ya nyuzi 72 kati ya pande mbili, pigo kila nyuzi 72 bila pengo, inafika RPM 9,000. Hesabu: mapigo 750 kwa sekunde. Toyota waliwaita Yamaha, watu wa vinanda na magitaa, waisikilize na kuelekeza mlio wake mpaka ndani kwa dereva. Zilitengenezwa 500 tu. Ninaitaja kwa sababu inathibitisha kwamba sauti inaweza kupangwa tangu kwenye karatasi, kabla chuma hakijakatwa.

Hakikisha unachosikia si ugonjwa

Hapa huwa sina haraka, maana nimeona watu wakilipia sailensa ya bei kubwa kwenye injini inayokufa.

Washa gari asubuhi likiwa la baridi kabisa. Ukisikia "tik-tik-tik" inayoongezeka ukikanyaga mafuta na kupungua injini ikipata moto, tafuta masizi meusi kwenye maungio ya manifodi. Mara nyingi ni geskiti iliyochoka au ufa. Chuma kikipata joto kinapanuka na kuuziba. Moshi unaovuja hapo unaharibu sauti yote, na hewa inayoingia inaidanganya sensa ya oksijeni, kompyuta inaongeza mafuta bila sababu. Rekebisha hilo kwanza. Wengine wakishalirekebisha wanagundua hawahitaji kitu kingine.

Ukisikia kugonga kuzito, kwa ndani kabisa, kunakozidi gari linapobeba mzigo, zima. Hizo zaweza kuwa beringi za konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki. Fedha ya sailensa ipeleke huko.

Kumisi kunajulikana kwa karatasi. Gari likiwa limesimama nje, mahali penye hewa, shika karatasi kwa ncha mbili uiweke karibu na mdomo wa bomba. Injini nzima inaisukuma karatasi kwa mpigo unaolingana. Karatasi ikitulia ghafla au ikivutwa kuelekea ndani kila baada ya muda, kuna silinda isiyofanya kazi yake: plagi, koili, au valvu isiyofunga. Hii ndiyo njia ya kuitofautisha Subaru inayonguruma kwa haki na Subaru inayoumwa. Mngurumo wa heda unajirudia kwa mpangilio ule ule siku zote. Wa kumisi unaruka ruka.

Sasa gusa bomba

Anzia mbele, uende nyuma. Heda kwanza, kwa sababu zile nilizokwisha eleza. Kama sauti ya injini yako inategemea urefu usiolingana, iache ilivyo. Kama ni sita ya mstari, unganisha tatu za mbele pamoja na tatu za nyuma pamoja, kisha mabomba mawili yakutane. Usiziunganishe zote sita kwenye chungu kimoja ukategemea ulaini ule ule.

Masega, yaani kichujio cha moshi kilicho katikati, nakushauri uyaache. Najua yanauzwa na kuna wanaokuja kuyaulizia. Ukiyatoa unapata sauti ya kukwaruza hasa kwenye mzunguko wa juu, harufu inayochoma macho ya aliye nyuma yako, na taa ya injini kwenye dashibodi. Masega yanakata yale makali ya juu ambayo sikio la binadamu linayashika haraka na kuchoka nayo haraka. Kwenye gari la turbo kuna hatari zaidi: moshi ukipata njia pana ghafla, turbo inaweza kuvuka presha iliyopangiwa, na injini ikaumia kama kompyuta haijapangwa upya na mtu anayejua.

Upana wa bomba usiige kwa jirani. Kwa silinda nne za lita 1.8 au 2 bila turbo, mimi naweka inchi 2. Kwa 1G-FE, inchi 2 na robo. EJ20 ya turbo inachukua inchi 2 na nusu, na 3 kama imeshapangwa kwa hilo. Bomba pana kupita kiasi linaitoa sauti ikiwa tupu, kelele bila mwili, na gari linakuwa zito kuondoka.

Sailensa zipo za aina mbili kubwa. Zenye vyumba zinaugeuza moshi huku na huko ili mawimbi ya sauti yauane yenyewe kwa yenyewe. Zilizonyooka zina bomba lenye matundu lililozungukwa na nyuzi za kioo, na nyuzi hizo zinameza zaidi sauti kali za juu huku zikiacha nzito zipite. Kwa mtu anayetaka mngurumo wenye heshima, nachagua iliyonyooka, ndefu, iliyojaa nyuzi vizuri. Ile fupi inayong'aa yenye mdomo mpana kama sufuria haina nafasi ya kumeza chochote. Ikitikiswa mkononi ikalia ndani, nyuzi zimekwisha, usinunue.

Mdomo wa bomba lazima utokeze nje ya bodi. Ukiishia chini ya gari, moshi unaingia ndani ya kabini, na kaboni monoksaidi haina harufu ya kukuonya. Kwenye hili sijadiliani na mteja.

Dawa ya mvumo wa safarini

Gari likishatoka shimoni, kila mtu anafurahi. Shida inajitokeza barabarani. Chukua njia ya Makuyuni, shika mwendo wako wa kawaida wa safari, funga vioo vyote. Ukisikia mvumo mzito unaoziba masikio, usioisha mpaka ubadilishe mwendo, angalia RPM na uiandike.

Tuseme ni silinda nne na mvumo uko kwenye 2,700. Gawanya kwa 60, zidisha kwa 2: mapigo 90 kwa sekunde. Kabini ya gari lako inaitikia sauti hiyo. Badala ya kurudisha sailensa ya zamani, chomelea tawi la pembeni: bomba la upana ule ule, lililozibwa mwisho, likichepuka kutoka bomba kuu na kukunjwa kulifuata. Wimbi linaingia, linagonga ukuta, linarudi likiwa kinyume na lile linalopita, yanauana. Urefu wake ni kasi ya sauti gawanya kwa mara nne ya mapigo. Ndani ya moshi wenye joto la nyuzi 300 sauti inakwenda karibu mita 480 kwa sekunde, kwa hiyo 480 gawanya kwa 360 inatoa mita 1.33. Moshi ukiwa wa nyuzi 200, kama unavyokuwa karibu na mkia wa gari, kasi inashuka na urefu unakuwa kama mita 1.2.

Mimi hukata bomba la mita 1.4, naliziba kwa kifuniko cha kukaza badala ya kuchomelea, halafu tunaenda barabarani. Tukirudi napunguza sentimita chache, tunaenda tena. Mvumo ukitoweka pale pale unapotaka, ndipo nachomelea mwisho. Mteja huniuliza kama sauti ya nje imepungua. Haipungui, kwa sababu tawi linakata hasa mvumo huo mmoja na kuacha sauti nyingine nyingi zipite.

Wenye magari ya kuvuka kwenda Kenya wakumbuke kwamba huko kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, na gari linalopasua masikio mjini linaweza kukuletea kesi. Ukifuata hatua hizi huna sababu ya kufika huko, kwa sababu tunachotafuta si wingi wa sauti, ni umbo lake.

Wiki moja baada ya kazi, lirudishe gari kwenye shimo likiwa la baridi. Kaza nati za flanji maana geskiti mpya hulala kidogo. Vuta raba za kuning'inizia moja moja. Bomba likigusa bodi au kisanduku cha gia litatoa mtetemo utakaoudhani ni injini. Pitisha kidole kwenye kila weldi, hasa pale tawi linapoungana na bomba kuu. Kidole kikitoka na masizi, chomelea upya siku hiyo hiyo.